Kovu la Kidevuni na Kinywa Kisichofunguka

Mara nyingi mtoto wa aina hii haletwi hospitalini kwa sababu ya taya. Huletwa kwa sababu ya jino. Limemuuma siku tatu mfululizo, shavu limevimba, usiku hakulala, na mama yake amedamka naye alfajiri ili jino ling'olewe warudi nyumbani. Daktari wa meno anavaa glavu, anavuta taa karibu na kumwambia, “Achama, mwanangu.” Mtoto anajitahidi. Midomo inaachana, meno ya mbele yanaonekana yote, lakini kati ya meno ya juu na ya chini hapapiti hata ncha ya kijiko cha chai.

“Zaidi kidogo, mwanangu.”

“Hapo ndipo mwisho wake, daktari,” mama anajibu kwa niaba yake. “Huyu huwa haachami.”

Maswali yanafuata. Je, alizaliwa hivyo? Hapana, alinyonya vizuri, alipiga miayo kama watoto wengine. Ilianza lini? Mama hawezi kutaja siku, kwa kuwa haikuanza kwa siku moja. Kwanza aliacha kung'ata muhindi, kisha nyama ikawa inachambuliwa vipande vidogo, kisha ugali ukalainishwa kwa mchuzi, na sasa anaishi kwa uji anaoufyonza kupitia pengo la jino lililotoka. Daktari anamwinua kidevu na kuona chini yake kovu dogo, jembamba, lisilozidi urefu wa ukucha.

“Na hapa, mama, palikuwa na nini?”

“Hapo alianguka barazani. Zamani hiyo, alikuwa na miaka mitatu. Walimshona nyuzi tatu, kikapona vizuri kabisa.”

Mazungumzo haya, kwa tofauti ndogo za umri na za mahali mtoto alipoangukia, hurudiwa katika kliniki za kinywa na meno mwaka hadi mwaka. Kwa mmoja ni baraza, kwa mwingine ni mwembe, kwa mwingine ni pikipiki. Kidonda cha kidevuni kilipona kweli. Kilichoumia pamoja nacho, sentimita chache juu yake, hakikuangaliwa na mtu, na ndicho kilichokifunga kinywa.

Hali hiyo wataalamu huiita ankilosisi ya kiungo cha taya, yaani kugandamana kwa mfupa wa taya la chini na mfupa wa fuvu hadi vikawa kitu kimoja. Ni ugonjwa adimu. Tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone mtoto hata mmoja mwenye kiungo kilichokwisha kugandamana. Lakini mtoto aliyepasuka kidevu humwona pengine kila mwezi, na huyo ndiye anayestahili kufikiriwa zaidi katika makala haya.

Msomaji akiweka ncha za vidole mbele ya matundu ya masikio yake, kisha akafungua na kufunga kinywa, atahisi vifundo viwili vikiteleza chini ya ngozi. Hivyo ni vichwa vya taya. Kila kimoja hukaa katika kishimo cha fuvu, na kati ya kichwa na kishimo hulala kisahani chembamba cha tishu ngumu kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa. Viungo hivi viwili vimeunganishwa na taya moja, kwa hiyo hakuna kinachoweza kutembea peke yake. Kimoja kikifungwa, mwenzake mzima naye hufungwa.

Taya la chini limepinda kama upinde, kidevu kikiwa katikati na vichwa viwili kwenye ncha. Pigo linaloangukia kidevu halikomi kidevuni. Hupanda kwa pande zote mbili na kuishia kwenye viungo. Kwa mtu mzima, shingo nyembamba iliyo chini ya kichwa cha taya huvunjika na kuipunguza nguvu hiyo. Kwa mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 5, shingo hiyo ni fupi na nene, na kichwa chenyewe ni laini, kimejaa mishipa ya damu, kimefunikwa na gamba jembamba la mfupa. Basi badala ya shingo kuvunjika, kichwa hupondeka ndani ya kiungo, mithili ya embe lililoiva linapodondoka.

Damu hujaa katika kiungo, na ndani ya damu hiyo huelea vipande vya mfupa vyenye chembechembe hai za ukuaji. Kisahani huhama mahali pake au huchanika. Mtoto anaumwa, kwa hiyo hataki kutafuna, na watu wazima kwa huruma yao wanampa uji na kumwacha akae kimya. Damu iliyotulia huganda, donge hugeuka kovu, na kovu hilo, likiwa limezungukwa na mfupa unaokua kwa kasi ya utotoni, taratibu hugeuka mfupa. Kazi hii huchukua miezi, pengine miaka. Ndiyo maana mama hawezi kutaja siku.

Isieleweke kwamba kila mtoto anayeanguka yuko katika hatari hii. Walio wengi, hata wale ambao kichwa cha taya kimevunjika, hupona na kufungua kinywa kama kawaida, kwa sababu mfupa wa mtoto una uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Wanaogandamana ni wachache, na aghalabu ni wale ambao kisahani kilihama, mfupa ulipondeka vibaya, na taya likakaa muda mrefu bila kutembezwa. Mambo mawili ya kwanza hayako mikononi mwa mhudumu. La tatu liko.

Chanzo cha pili ni maambukizi. Kabla ya viuavijasumu kupatikana kwa urahisi, usaha wa sikio ndio uliokuwa ukiongoza katika sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa tundu la sikio na kiungo cha taya ni majirani waliotenganishwa na ukuta mwembamba tu, ambao kwa mtoto mdogo haujakamilika kuwa mfupa. Leo majeraha yameushinda usaha katika idadi, lakini usaha haujatoweka. Mtoto ambaye sikio lake limetoka maji ya kunuka kwa miezi, na ambaye nyumbani amewekewa mafuta ya moto au majani yaliyosagwa badala ya kupelekwa kwa tabibu, bado anaweza kupoteza kiungo kwa njia hiyo. Hali kadhalika mtoto mchanga aliyepata maambukizi ya damu, au aliyevutwa kwa koleo wakati wa uzazi mgumu. Wapo pia wachache wanaozaliwa na mataya yaliyoungana tayari. Hao hujulikana siku ile ile wanaposhindwa kushika titi.

Hasara ya kwanza ni chakula, na hiyo kila mtu huiona. Hasara ya pili ni meno. Mswaki haufiki ndani. Unasugua upande wa nje tu, ilhali upande wa ulimi hubaki na mabaki ya uji wenye sukari mchana na usiku. Jino likioza, halizibiki, na kuling'oa ni kazi ngumu isiyo na njia. Kwa hiyo mtoto hukaa na maumivu na hutulizwa kwa dawa, mwezi baada ya mwezi.

Hasara ya tatu ni uso. Kichwa cha taya ni sehemu muhimu ya ukuaji wa taya la chini, na mwendo wenyewe wa kutafuna huuchochea ukuaji huo. Kiungo kikigandamana pande zote mbili, taya hubaki dogo wakati uso mwingine unakua, kidevu hurudi nyuma hadi karibu na shingo, na meno ya juu huonekana kana kwamba yamechomoza. Watoto wenzake shuleni humtafutia jina, kwa kawaida la ndege. Kuna hata vitabu vya kitabibu vilivyoutumia msemo huo wa uso wa ndege bila haya, na ingekuwa vyema ukaachwa humo humo vitabuni.

Kiungo kikigandamana upande mmoja, hutokea jambo linalowadanganya hata wahudumu wazoefu. Kidevu huvutwa kuelekea upande mgonjwa. Shavu la upande huo, kwa kuwa tishu zake zimerundikana juu ya taya fupi, huonekana limejaa na lenye afya. Shavu la upande mzima huonekana limenyooshwa na bapa. Mtu akimtazama mtoto kwa haraka atanyoosha kidole kwenye upande usio na kosa. Njia ya kuepuka kosa hilo ni kuweka vidole mbele ya masikio yote mawili na kumwambia mtoto ajaribu kufungua. Upande mzima husogea kidogo. Upande uliogandamana umetulia kama jiwe.

Hasara ya nne ndiyo hatari kuliko zote, nayo hutokea usiku. Ulimi umeshikizwa kwenye taya la chini. Taya likibaki dogo na kurudi nyuma, ulimi hurudi nalo, na njia ya hewa nyuma yake hubana. Mtoto anapolala na misuli kulegea, njia hiyo inaweza kuziba kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, na kurudia tena. Familia husema, “Huyu hulala fofofo, anakoroma kama babu yake.” Sivyo. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala amekaa au amekunja shingo nyuma, anayelowesha kitanda akiwa mkubwa, anayesinzia darasani na kuitwa mvivu, hapumui vizuri usingizini. Asipotibiwa, kukosa hewa kwa miaka huweza kuudhoofisha moyo, na kuzorotesha ukuaji wa mwili na masomo yake.

Kuna na hatari ya ghafla. Mtoto mwenye malaria hutapika. Mtoto mwenye kinywa kilichofungwa naye hutapika, lakini matapishi hayana pa kupitia isipokuwa puani na katika pengo la meno. Wazazi wa mtoto huyu wafundishwe mapema kumlaza kiubavu, uso ukiinamia chini, mara tu anapoanza kichefuchefu, na homa yake yoyote isisubiri hadi kesho.

Si kila kinywa kisichofunguka kimegandamana. Pepopunda huja kwa siku chache, na mtoto hukakamaa mwili mzima, si taya pekee. Jipu la jino la nyuma na matubwitubwi huja na maumivu, uvimbe na homa, na kinywa hufunguka tena yanapopoa. Noma, ugonjwa unaokula shavu la mtoto mwenye utapiamlo, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwezi Desemba 2023, huacha kovu linalolifunga taya kwa nje ilhali kiungo chenyewe ni kizima. Baridi yabisi ya utotoni nayo huweza kushika kiungo cha taya, wakati mwingine bila malalamiko mengine yoyote. Na kuna hali nyingine iliyo adimu zaidi, ambamo kiungo ni kizima kabisa, lakini ncha nyingine ya taya, ile inayopanda mbele ya kiungo na kushikwa na msuli wa utosini, hurefuka kupita kiasi hadi ikagonga mfupa wa shavu. Hii huwapata hasa vijana wa kiume wanaobalehe, haiumi, na eksirei ya kawaida ikisomwa kwa haraka huipita bila kuiona. Picha ya CT ndiyo huamua shauri hilo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mtoto aweke vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Vikiingia, ni vizuri. Vikiingia viwili, aulizwe maswali. Kikiingia kimoja au kisiingie hata kimoja, apewe rufaa. Mwenye rula apime milimita kutoka ncha ya jino la juu hadi ncha ya jino la chini na kuziandika kwenye kadi pamoja na tarehe. Watoto wengi wa umri wa shule hufungua milimita 40 au zaidi. Neno “hafungui vizuri” halimsaidii mtu atakayemwona mtoto huyo miezi sita baadaye. “Milimita 22, Machi” humsaidia sana, kwa kuwa ikifika Septemba zikawa 15, hakuna tena ubishi.

Turudi kwenye siku ile ya baraza. Mtoto wa miaka 3 analetwa akiwa amejaa damu kifuani, mama analia, foleni ni ndefu. Mhudumu anasafisha, anashona, anahakikisha chanjo ya pepopunda, anaandika dawa ya maumivu. Yote hayo ni sahihi. Kinachokosekana kinahitaji dakika mbili. Abonyeze mbele ya masikio yote mawili: je, kuna maumivu au uvimbe? Je, sikio linatoka damu? Amwombe mtoto afungue: je, kidevu kinaenda upande? Amwombe aume: je, meno yanakutana kama zamani? Dalili mojawapo ikiwapo, kichwa cha taya kihesabiwe kuwa kimevunjika hadi ithibitike vinginevyo, na mtoto apelekwe kwa daktari wa kinywa, taya na uso au, asipokuwapo, daktari wa meno wa wilaya kwa ajili ya picha.

Kwa mtoto mdogo, mvunjiko wa aina hii kwa kawaida hautibiwi kwa kisu. Hutibiwa kwa chakula laini, dawa ya maumivu, na, jambo linalowashangaza wazazi, kwa mwendo. Ikibidi taya lifungwe kwa sababu meno hayakutani, hufungwa kwa siku chache tu, kwa kuwa mfupa wa mtoto huunga upesi na kiungo chake huganda upesi vilevile. Baada ya hapo mtoto ahimizwe kufungua kinywa mara nyingi kwa siku. Kisha aonwe tena: wiki ijayo, mwezi ujao, na kila baada ya miezi michache kwa angalau mwaka. Nyuzi zitolewapo siku ya saba, kadi haifungwi. Hapa ndipo mfumo hupotelewa na mtoto, kwani kidonda kimepona, mama hana sababu ya kupanda gari kurudi, na hakuna aliyemwambia kwamba ipo.

Kiungo kikishagandamana, dawa haipo isipokuwa upasuaji. Wala mazoezi peke yake hayafui dafu: mfupa hauvutwi ukanyooka, na kumlazimisha mtoto afungue kwa kabari humvunja meno bure.

Ugumu wa upasuaji huu huanza kabla ya kisu. Ili mtoto apewe nusukaputi, mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira wa hewa kooni, na kwa kawaida huupitisha kinywani akiona anakoenda. Hapa kinywa hakipo. Dawa za kulegeza misuli, ambazo hukifungua kinywa cha mtoto mwenye jipu, hazikifungui hiki, kwa kuwa kinachokizuia ni mfupa. Kwa hiyo mpira hupitishwa puani ukiongozwa na kamera nyembamba inayopindika, mtoto akiwa bado anapumua mwenyewe. Pasipo na kamera hiyo, huenda ikalazimu kutoboa tundu la hewa shingoni. Kutokana na haya, mtoto huyu asipewe dawa ya usingizi wala ya kulevya, hata kwa sababu ya jino, katika kituo kisicho na uwezo wa kuilinda njia yake ya hewa. Nia njema ya kumtuliza kidogo inaweza kumuua kitini.

Hospitali kubwa za kanda yetu, miongoni mwao Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala, zina madaktari bingwa wa kinywa, taya na uso. Utaratibu wanaoufuata wapasuaji wengi duniani unatokana na hatua alizozipanga Leonard Kaban na wenzake katika makala ya mwaka 1990, ambazo mwaka 2009 walizichapisha upya kwa ajili ya watoto. Donge lote la mfupa huondolewa, si kukatwa mstari tu. Ncha ya taya inayoshikwa na msuli wa utosini hukatwa upande huo huo. Kisha kinywa hufunguliwa palepale mezani na kupimwa: kisipofika milimita 35 bila kulazimishwa, ncha ya upande wa pili nayo hukatwa. Pengo lililobaki huwekewa pazia la tishu, mara nyingi kutoka kwenye msuli wa utosini wa mtoto mwenyewe, ili mifupa isirudiane. Mwisho, taya lililofupishwa hujengwa upya, ama kwa kipande cha ubavu chenye gegedu, njia ambayo Harold Gillies aliieleza mwaka 1920, ama kwa kifaa kinachourefusha mfupa taratibu kwa takriban milimita moja kila siku. Kwa mtoto ambaye tayari anakosa hewa usingizini, baadhi ya wapasuaji huanza na kurefusha taya ili kufungua njia ya hewa, na kiungo hufuata baadaye.

Upasuaji huu una hatari zake. Mishipa mikubwa ya damu hupita nyuma ya donge, na tawi la neva linaloinua nyusi na kufumba jicho hupita juu yake. Nyusi inaweza kulegea kwa wiki au miezi. Ubavu uliopandikizwa hautabiriki: kwa mtoto mmoja hukua sawasawa, kwa mwingine hukua kupita kiasi, kwa mwingine huyeyuka. Lakini rai ya zamani kwamba mtoto asubiri hadi akomae haina tena watetezi wengi, kwa maana kila mwaka wa kusubiri ni mwaka wa uso kupinda, meno kuoza na hewa kupungua.

Kuna suala la fedha, na si dogo. Sera ya Tanzania huwasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Mtoto wetu alianguka akiwa na miaka 3, ndani ya msamaha. Taya lilipojulikana alikuwa na miaka 7, nje ya msamaha. Kipimo cha dakika mbili kilichokosekana siku ya kwanza kingekuwa bure. Upasuaji unaofidia kukosekana kwake si bure. Familia isiyo na uwezo ielekezwe mapema katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, si siku ya kulazwa bali siku ya rufaa, kwa kuwa barua za serikali ya mtaa na vielelezo huchukua muda.

Mpasuaji yeyote wa mataya akiulizwa kwa nini viungo hivi hugandamana tena baada ya kufunguliwa, hutaja donge lisiloondolewa lote, kisha hutaja mazoezi. Huanza ndani ya siku chache baada ya upasuaji, jeraha likiwa bichi, na huendelea mara kadhaa kwa siku kwa angalau miezi sita, kwa wengi mwaka mzima. Kuna vifaa vya kununua. Lakini njia iliyoenea ni ya vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo tabibu hutumia kukandamiza ulimi: hupangwa kimoja juu ya kingine, huingizwa kati ya meno, na kila siku chache huongezwa kimoja, kikisukumwa katikati ya vile vilivyokwisha kuingia. Kijiti kimoja kina unene wa milimita moja na nusu hadi mbili, hivyo vijiti 20 hukaribia ile 35 inayotafutwa. Mtoto anajua kuhesabu, na hesabu hiyo ni yake. Wapo wanaoipenda kama mchezo.

Wapo pia wasioipenda, kwa sababu inauma. Hapa nyumba huingia katika majaribu. Mama ameambiwa asiache. Mtoto analia, “Mama, basi.” Bibi anatoka chumbani na kusema, “Mwacheni mjukuu wangu, mmeshamkata, mnataka nini tena?” Hakuna mkorofi katika nyumba hiyo, kila mmoja anampenda mtoto. Ndiyo sababu inafaa bibi naye, au baba, au yeyote mwenye kauli nyumbani, aitwe wodini kabla mtoto hajaruhusiwa, aonyeshwe picha ya donge lililotolewa, na aelezwe kwa lugha ya kawaida kwamba maumivu ya vijiti ni ya dakika kumi, na kwamba dawa ya maumivu hutolewa nusu saa kabla ya zoezi na si baada yake. Akielewa, mara nyingi yeye ndiye atakayeshika vijiti.

Hospitali ya rufaa iko mbali, na nauli ya kwenda kupimwa kinywa kila wiki hakuna. Zahanati ya kijiji iko karibu. Muuguzi wake hahitaji kujua kukata mfupa. Anahitaji rula, daftari na namba ya simu ya kliniki iliyofanya upasuaji. Kila Jumatatu mtoto hupita akienda shuleni, huingiza vijiti mbele yake, na idadi huandikwa. Daftari la namna hiyo husomeka haraka: 14, 16, 17, 19, 20, 20. Likianza kusomeka 19, 17, 15, muuguzi aulize kwa upole kilichotokea nyumbani, kisha apige simu siku ile ile. Kwenye 15 kovu bado huvutika kwa mazoezi, au mtoto arudishwe kufunguliwa kwa nusukaputi bila kukatwa upya. Kwenye 6 huenda mfupa umekwisha kurudi.